Akibadili msimamo, amejisahihisha au amejiuza?

SWALI

Shikamoo mzee wangu. Mimi ni mwalimu wa sekondari, nafundisha Historia na Uraia huku Mvumi, wilaya ya Chamwino. Siku ya Mwaka Mpya nilibishana na baba mkubwa mbele ya ukoo mzima. Yeye alikuwa katibu wa tawi enzi za TANU. Anasema wanasiasa wa siku hizi hawana itikadi, ni wachumia tumbo, leo wako huku, kesho "wanaunga mkono juhudi" kule. Nikamjibu kwamba itikadi hailiwi, ndiyo iliyotupanga foleni za sukari, na nchi sasa inataka watu wa hali halisi. Akanijibu: "Bila itikadi hiyo baba yako angezeekea machungani, na wewe usingekuwa mwalimu." Nikakosa neno.

La pili liko karibu zaidi. Mimi ni katibu wa kikundi cha wakulima wa alizeti, tuko 34. Kanuni yetu ya kwanza inasema mwanachama auze kupitia kikundi tu. Msimu uliopita saba waliuza pembeni kwa sababu malipo yetu yalichelewa. Wapo wanaotaka wafukuzwe, wapo wanaotaka kanuni ifutwe. Nisimame wapi?

JIBU

Marahaba, mwanangu. Nakuita hivyo wala si Mwalimu, kwa sababu katika jibu hili Mwalimu atakuwa mmoja tu, na nikikuchanganya naye baba yako mkubwa hatatusamehe sote wawili.

Nimefundisha siasa na maendeleo ya vijijini kwa muda mrefu, sasa nimestaafu, nakaa hapa Dodoma mjini na mizabibu yangu michache. Nakuambia haya ili ujue ninakosimama: mimi ni mtoto wa Operesheni Dodoma, ile ya kuhamishia watu kwenye vijiji vya ujamaa. Lori lilipokuja kutuhamisha nilikuwa bado sijaanza shule, nikaona ni sikukuu. Bibi yangu hakuona hivyo. Shule niliyosoma ilijengwa pale pale lori lilipotushusha. Kwa hiyo ugomvi wenu wa Mwaka Mpya mimi nimeubeba kifuani miaka hamsini, na ninyi mmeumaliza kwa pilau moja.

Nianze na neno lako, "watu wa hali halisi". Vitabuni utakutana na upragmatiki, falsafa iliyozaliwa Marekani mwishoni mwa karne ya 19 kwa Charles Peirce, William James na John Dewey. Kwa kifupi walisema wazo lipimwe kwa yanayotokea likitumika, na likishindwa kipimo lirekebishwe. Hawakusema fanya lolote lenye faida. Peirce alikasirika sana jinsi watu walivyolichezea neno lake, hata mwaka 1905 akalibadilisha kidogo, akaeleza kwamba jina jipya ni baya kiasi cha kutotamaniwa na mwizi. Hasira yake naielewa. Huku kwetu, kila anayehama chama usiku anaamka asubuhi akisema ametazama hali halisi.

Na wewe ulipomwambia mzee kwamba itikadi hailiwi, ulitamka itikadi. Uliamini kwamba cha kutanguliza ni kinacholiwa. Inawezekana, lakini hilo nalo linahitaji hoja. Asiye na itikadi sijamwona bado. Niliowaona ni wa aina mbili, wanaokubali kuulizwa juu ya itikadi yao na wasiokubali.

Hebu tutoke Mvumi kidogo twende Kongwa, maana wengi hudhani ung'ang'anizi ulianza na ujamaa. Mwaka 1946 Serikali ya Uingereza, wakati huo ya chama cha Labour, ilikuwa na uhaba wa mafuta ya kula baada ya vita. Ikapewa wazo la kulima karanga Afrika Mashariki kwa matrekta: zaidi ya ekari milioni 3, sehemu kubwa Tanganyika, katika Kongwa, Urambo na Nachingwea. Wataalamu wakaja, wakazunguka wiki chache, wakaandika ripoti, na mpango ukapitishwa London. Mwaka wa kwanza lengo lilikuwa ekari 150,000. Zilizopandwa hazikufika 10,000.

Mibuyu ilivunja mashine. Udongo wa Kongwa ukikauka unakuwa kama sakafu ya saruji, na mchanga wake unakula majembe ya chuma. Karanga zilizoota zikashindwa kung'olewa ardhini. Mvua nayo ilikuja kama inavyokuja Ugogo, nchi yetu Wagogo, siku zote, yaani inavyotaka yenyewe. Januari 1951 mpango ukafungwa na hasara ya pauni milioni 36 hivi.

Itikadi ilikuwa wapi hapo? Ilikuwa ni imani kwamba sayansi na mpango mkubwa wa serikali vitashinda jembe la mkono popote duniani, na kwamba mwenyeji ni mkono wa kazi tu, hana la kufundisha. Ukiwa na imani ya namna hiyo, kila tatizo unalitafsiri kuwa upungufu wa matrekta. Taarifa mbaya kutoka shambani zinapanda juu zikiwa zimepakwa sukari, na huko juu waziri ameshaahidi Bungeni. Mgogo yeyote mwenye ng'ombe kumi angewaambia kuwa pale ni malisho. Leo nenda Kongwa, utakuta ranchi ya taifa na kituo cha utafiti wa malisho. Iliwachukua pauni milioni 36 kufikia alipokuwa mchungaji.

Sasa turudi nyumbani, na hapa nitakaa sana, kwa sababu ndipo mlipobishania.

Azimio la Arusha, tamko la TANU la ujamaa na kujitegemea, lilitangazwa Februari 1967. Mwaka huo huo Septemba likafuata andiko la ujamaa vijijini. Mwaka 1968 Mwalimu Nyerere akaandika waziwazi kwamba watu hawawezi kulazimishwa kuingia kijiji cha ujamaa, kwa sababu jamii ya kijamaa hujengwa na watu waliotaka wenyewe. Yashike maneno hayo, kisha tazama yaliyofuata.

Kule Ruvuma, kuanzia Litowa, vijana wa TANU walikuwa wameshaanzisha vijiji vya ujamaa kwa hiari yao tangu miaka ya mwanzo ya Uhuru. Walilima pamoja, wakawa na shule yao na viwanda vidogo, na uamuzi ulikuwa wa mkutano wa wanakijiji. Vijiji vikafika zaidi ya kumi, vikaunda umoja wao. Kama kuna mahali ambapo Azimio lilikuwa likiishi kwa miguu yake, ni pale. Septemba 1969 Kamati Kuu ya TANU ikauvunja umoja ule. Tatizo lao lilikuwa kwamba hawakuongozwa kutoka juu. Kila nikifundisha jambo hili darasani palikuwa kimya, na wewe mwalimu wa Historia unajua kimya hicho si cha kawaida.

Baada ya hapo ndipo Operesheni Dodoma, mwaka 1970 na 1971. Sababu zake hazikuwa za kipuuzi. Ugogo una historia ndefu ya njaa. Wazee wetu waliihesabu miaka kwa majina ya njaa, na ile ya Mtunya mwishoni mwa Vita Kuu ya Kwanza haijasahaulika hadi leo. Watu walikaa mbalimbali kwenye matembe yao, zile nyumba za paa bapa la udongo. Utawapelekeaje maji, zahanati na shule? Kuwakusanya kulionekana ni akili ya kawaida kabisa.

Lakini kukaa mbalimbali nako kulikuwa akili. Dodoma inapata kama milimita 500 hadi 600 za mvua kwa mwaka, tena inanyesha kwa viraka: inaweza kulowesha Handali ikaruka Mvumi. Ndiyo maana mtu alikuwa na shamba la uwele huku kwenye kichanga, la mtama kule kwenye mbuga, na ng'ombe wake wengine wako kwa shemeji mwendo wa siku mbili. Ukame ukipiga hapa, kule kimebaki kitu. Hiyo ilikuwa bima, haikuandikwa popote ila ilikuwa bima. Ukiwakusanya watu wote na mifugo yote mahali pamoja, mashamba ya jirani yanachoka, kuni zinakwisha, majani yanaliwa hadi mizizi, na shamba zuri linabaki mbali kiasi kwamba mama anafika jua limeshapanda. Wazee walisema hivyo. Waliitwa wapinga maendeleo.

Novemba 1973 hiari ikaisha rasmi: kuishi vijijini ikawa amri kwa nchi nzima, mwisho mwaka 1976. Mamilioni ya watu wakahamishwa. Mwaka 1974 na 1975 ukame ukaongezeka juu ya vurugu za kuhama, na nchi ikala chakula cha kuagiza. Muulize baba yako mkubwa kuhusu unga wa Yanga, yale mahindi ya njano kutoka Marekani. Atacheka kwanza, halafu atanyamaza.

Kwa nini hakuna aliyepiga breki mapema? Jibu langu ndilo lenye uzito kuliko yote katika barua hii, kwa hiyo lisome taratibu. Mwaka 1972 halmashauri za serikali za mitaa zilikuwa zimeshafutwa. Mwaka 1976 vyama vikuu vya ushirika navyo vikavunjwa, kazi yao ikapewa mamlaka za mazao. Havikuwa malaika, vingine viliwaibia wakulima bila haya. Lakini ndiyo yalikuwa masikio ya serikali. Mkuu wa wilaya akabaki anapimwa kwa idadi ya kaya alizohamisha, hakuna aliyemwuliza magunia ya mtama. Mtu anayepimwa kwa kaya ataleta kaya, hata kama ni kwa kubomoa tembe. Na kwenye mikutano tulikuwa tunaimba zidumu fikra sahihi za Mwenyekiti. Sasa fikra ambazo zimeshaitwa sahihi, nani atapeleka taarifa kwamba zimekosea? Kule Isimani, njia ya Iringa, siku ya Krismasi ya 1971 mkulima alimpiga risasi Mkuu wa Mkoa, Dkt. Wilbert Klerruu, aliyemfuata shambani. Mkulima akanyongwa. Sitetei risasi. Nasema tu kwamba malalamiko yakikosa njia ya kupanda, hayapotei.

Utaona sijamwita Nyerere mng'ang'anizi. Simwiti. Mwaka 1977, Azimio likitimiza miaka kumi, alisimama akasema hadharani kwamba Tanzania si nchi ya kijamaa na wala haijajitegemea, akataja kasoro moja baada ya nyingine. Mwaka 1984 alikiri kwamba kuna mambo mawili ambayo kama angerudi nyuma asingeyafanya: kufuta serikali za mitaa na kuvunja ushirika. Angalia alichokijutia. Angeweza kujutia lengo, au kuwa na itikadi kabisa. Alijutia kukata masikio. Na bajeti ya Juni 1984, iliyoruhusu watu kuagiza bidhaa kwa fedha zao wenyewe, ilisomwa yeye akiwa bado Rais. Wengi humpa sifa hiyo Mzee Mwinyi peke yake. Waliokuwa wagumu kuliko yeye ni wakereketwa wa katikati, wale ambao ugumu ulikuwa ndio cheo chao.

Sasa baba yako mkubwa. Ana hoja, na usimwepuke. Mwaka 1974 chama kilikutana Musoma kikaamua kila mtoto aanze shule ya msingi ifikapo 1977. Mtu wa hali halisi, ungemkalisha na daftari la hesabu la mwaka ule, mafuta yamepanda bei duniani, mahindi yanaagizwa, angesema subirini miaka ishirini. Hesabu yake ingekuwa sahihi kabisa, na baba yako angezeekea machungani, kama mzee alivyosema. Ni imani tu, imani isiyo na fedha, iliyosema mtoto wa mchungaji wa Mvumi ana haki ya kalamu sawa na mtoto wa karani wa Dar es Salaam. Ndiyo, ubora ulishuka, na walimu wa UPE, mpango huo wa elimu ya msingi kwa wote, tuliwatania sana, mimi mwenyewe nikiwa mwanafunzi wao. Lakini hao ndio walionifundisha kusoma. Kwa hiyo unapoenda kumwona, hilo mkubalie bila "lakini".

Hapo ndipo watu wa hali halisi tunapokwama. Kupima kinachofaa kunahitaji ujue kinafaa kwa lipi na kwa nani. Hesabu haitakuambia kwamba mtoto wa mchungaji ni mtu. Lazima uje na hilo kutoka nyumbani.

China nao wana kisa, na nakipenda kwa sababu ya Litowa. Mwaka 1978, katika kijiji cha Xiaogang mkoani Anhui, wakulima 18 walioshindwa na njaa walikutana kwa siri, wakagawana mashamba ya ujima kila kaya na lake, wakatia dole gumba kwenye karatasi. Wakaahidiana kwamba wenzao wakifungwa, waliobaki watawalea watoto wao. Ilikuwa ni kosa kubwa. Mavuno yakaongezeka mno, viongozi wa mkoa wakajua, na badala ya kuwafunga wakaacha jambo liendelee wapime. Miaka michache baadaye mtindo ule ukawa wa nchi nzima, chini ya Deng Xiaoping, yule aliyewahi kusema paka apimwe kwa panya, rangi yake si hoja.

Weka vijiji hivyo viwili mezani. Litowa walitii itikadi kuliko chama chenyewe, wakavunjwa. Xiaogang waliivunja, wakaigwa. Lakini usimfanye Deng kuwa mtakatifu wa hali halisi. Mwaka 1989 vijana walipokaa uwanja wa Tiananmen wakidai masikio mengine, majeshi yaliingia. Paka aliruhusiwa rangi yoyote katika uchumi. Katika madaraka rangi ilikuwa moja tu. Kila mtu wa hali halisi ana mahali anapoacha kuwa wa hali halisi, na kazi ya mpiga kura ni kupajua mapema.

Wa kwetu nao. Ruksa ya miaka ya 1980, ule ulegezaji wa masharti ya biashara, ilikuwa na sababu iliyoonekana kwa macho: maduka matupu, sabuni kwa kibali, mtu anapanga foleni ya sukari kabla jogoo hajawika. Sera ilibadilika, sababu ilitajwa, aliyefaidika alikuwa yule aliyekuwa kwenye foleni. Hayo ni kujisahihisha. Lakini Februari 1991 Halmashauri Kuu ya CCM ilikutana Zanzibar, na kilichotoka huko kililegeza masharti ya uongozi ya Azimio la Arusha: kiongozi sasa angeweza kuwa na hisa, nyumba za kupangisha, mishahara miwili. Sikusikia mkutano wa tawi uliokuwa umeomba hilo. Hakuna foleni iliyoisha siku hiyo. Azimio lenyewe halikufutwa kwa sauti, liliachwa ukutani kama picha ya harusi ya waliotengana. Mimi siamini kwamba masharti yale yote yalikuwa na akili. Mtumishi wa ngazi ya kati kukatazwa kupangisha chumba kimoja ni ukali uliopita kiasi. Ila waliobadilisha ndio waliofaidika, na wananchi wakasikia baadaye. Hapo neno langu ni tofauti.

Ndivyo ninavyowapima hata wale wa "kuunga mkono juhudi", wabunge na madiwani walioacha viti vyao baada ya 2017 wakahamia chama tawala, kisha baadhi wakagombea tena viti vile vile. Mtu kuhama chama si dhambi. Swali langu kwao lilikuwa dogo: ni sera gani uliyoisema jana ambayo leo umeona ilikuwa makosa, na kitu gani kimekuonyesha? Aliyebadili mawazo anaweza kujibu, tena mara nyingi kwa aibu kidogo. Wengi walijibu kwa kusifu barabara.

Kabla hujafurahi na kusema basi ugumu ni mbaya siku zote, nikupeleke Kondoa. Vilima vya Irangi vilikuwa vimeliwa na makorongo kiasi cha mtu kupotelea humo na punda wake. Mradi wa Hifadhi Ardhi Dodoma, HADO, ulianza 1973: matuta, miti, kupunguza mifugo kwa kubembeleza. Haukufika mbali. Mwaka 1979 serikali ikaondoa mifugo yote, ng'ombe, mbuzi, kondoo na punda, katika eneo la kilomita za mraba 1,256. Yote. Hakuna mjadala, hakuna "mbuzi wangu mmoja wa maziwa ya mtoto".

Kwa kipimo chochote hiyo ni amri ngumu, na walioilipia ni wafugaji waliolazimika kushuka nyikani na mifugo yao au kukaa bila maziwa wala samadi. Lakini nyasi zikarudi. Miti ikarudi. Makorongo mengi yakatulia, mabonde yakalimwa. Nadhani ingefanywa nusunusu isingefaa, kwa sababu mche wa mti haujui kuwa mbuzi aliyeula alikuwa na kibali. Halafu, mwishoni mwa miaka ya 1980, wakaanza kuruhusu ng'ombe wa maziwa wanaolishwa bandani. Amri ikafunguliwa kwa upande mmoja, baada ya kuona ardhi inasema nini.

Kwa hiyo kuna mambo yasiyogawanyika. Wizi wa kura, rushwa ya hakimu, mbuzi kwenye mche: hapo ukimwona mtu anatafuta "njia ya kati" jihadhari naye. Na kuna mambo ambayo ugumu ni ujinga tu, kama kuchagua mahali pa kupanda mtama. Hekima yote iko katika kujua jambo lililo mbele yako ni la aina gani, na sina kanuni ya kukupa. Nimeitafuta miaka arobaini.

(Utaniuliza kuhusu makao makuu kuhamia Dodoma: uamuzi wa 1973, ahadi ya miaka kumi, serikali ikahama kweli baada ya 2016. Hapo sina uadilifu wowote. Nina chumba nampangishia mtumishi wa wizara.)

Sasa kikundi chenu.

Watu 34 ni wachache; mnajuana kwa majina na kwa madeni. Usianze na kanuni. Anza na wale saba, mmoja mmoja, nyumbani kwao, bila daftari. Waulize waliuza tarehe ngapi na fedha ilienda wapi. Nitashangaa usipokuta walau mmoja ambaye mtoto wake alichaguliwa kidato cha tano, Julai imefika, godoro na sanduku havijanunuliwa, na alizeti yake imekaa stoo ya kikundi bila malipo. Huyo hakuasi ushirika. Alisubiri ushirika, haukuja. Na unaweza kumkuta mwingine aliyeongezewa shilingi hamsini kwa kilo akaona awaache wenzake. Ukiwafukuza wote saba kwa kosa moja, umefanya kama yule aliyehesabu kaya bila kuuliza mtama.

Kisha tenganisha mliyoyaandika kwa lengo na mliyoyaandika kwa njia. Mliungana kwa nini? Nadhani ili mnunuzi asiwapunje kwa lumbesa, lile gunia la kujazwa kupita kiasi, mpime kwa mizani, na mzigo mkubwa uwape sauti ya bei. "Kuuza kupitia kikundi tu" ni njia ya kufika huko. Njia ina sharti lake upande wa pili ambalo naona hamkuliandika: kikundi nacho kilipe. Kanuni inayombana mwanachama na kuiacha kamati huru ni amri, hata kama mliipigia makofi.

Mimi ningependekeza kwenye mkutano mkuu kitu cha namna hii. Mwanachama alete kikundini. Kikundi kikishapima, kina siku 14 za kulipa, au kumpa malipo ya awali ya kiwango mtakachokubaliana. Siku zikipita bila malipo, yuko huru kuchukua mzigo wake auze popote, kwa taarifa ya maandishi, bila kuitwa msaliti. Kama alikopeshwa mbegu na kikundi, deni la mbegu linakatwa kwanza, amuuzie yeyote. Jaribuni msimu mmoja. Na muandike sasa hivi, kabla ya msimu, mtakachokitazama mwishoni: wangapi waliondoa mzigo, tulipata bei gani ukilinganisha na ya pembeni, tulichelewa siku ngapi. Mkiandika baada ya msimu, kila mtu atakumbuka kinachomfaa.

Siku 14 zinaweza kuwa 10 au 21, ninyi ndio mnaojua mnunuzi wenu analipa lini. Hapo legezeni mnavyotaka. Pa kutolegeza ni kwenye mizani, na kwenye daftari la mapato, ambalo mwanachama yeyote aweze kulifungua siku yoyote, hata yule mnayemwona mkorofi. Na kiongozi wa kikundi asinunue alizeti ya wanachama kwa mlango wa nyuma. Akikutwa, aondoke siku hiyo hiyo, awe nani wa nani. Hilo ni mbuzi kwenye mche.

Jambo moja la siri kidogo: kabla ya mkutano, chunguza kama miongoni mwa wanaopiga kelele saba wafukuzwe hayupo aliyeuza gunia zake mbili tatu usiku. Nimekaa kwenye vikundi vingi. Mara nyingi yupo.

Kwa baba yako mkubwa nenda Jumamosi. Ukipita Msalato mnadani mchukulie nyama, yenye mafuta, si ile kavu. Mkubalie la shule. Halafu muulize, kwa heshima, kama katibu wa tawi aliyekuwa akiandika taarifa za kila mwezi kwenda juu: mwaka ule mtama ulipokufa, aliandika nini? Sio kumtega. Nataka kujua kwa dhati. Na kama nakala za taarifa zile bado anazo kwenye lile sanduku la bati ambalo kila katibu wa zamani analo chini ya kitanda, mwambie kuna mzee mjini angelipa nauli kuja kuzisoma.